Waliokataa Kiapo: Ushirika wa Uamsho na Historia ya Woga Afrika Mashariki

Kiapo kilitolewa usiku. Mtu aliitwa kwa jirani kwa kisingizio cha sherehe au mgonjwa, akaingia ndani na kukuta nyuso anazozijua tangu utotoni, kisha mlango ukafungwa nyuma yake. Mbele yake palikuwa na tao lililofungwa kwa migomba na miwa. Alitakiwa kupita chini yake, kuonja nyama na damu ya mbuzi, na kuapa kwamba atalinda siri, ataipigania ardhi iliyonyang'anywa, na kwamba akiwasaliti wenzake kiapo kimuue. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari nchini Kenya, tarehe 20 Oktoba 1952, kiapo hicho kilikuwa kimekwisha kuenea sana katika wilaya za Kiambu, Fort Hall (Murang'a ya leo) na Nyeri. Katika vijiji vingi, aliyekuwa hajakila alitazamwa kama adui aliyelala ndani ya boma.

Katika vijiji hivyo hivyo waliishi watu ambao Wagikuyu waliwaita ahonoki, yaani waliookoka. Walikuwa wakulima, walimu wa shule za misheni, wauguzi, wachungaji, akina mama wa shambani. Wengi wao walikataa kiapo, na wapo walioulipia msimamo huo kwa maisha yao. Wengine walipigwa vibaya wakapona na makovu. Serikali nayo ilipowataka wachukue bunduki na kujiunga na Home Guard, kikosi cha mgambo kilichopigana na Mau Mau, vuguvugu lililotoa kiapo hicho, wengi walikataa pia. Wakabaki katikati bila silaha ya upande wowote, huku kila upande ukiwashuku.

Ujasiri wa namna hiyo haukuzuka usiku mmoja, wala haukuzaliwa Kenya. Chimbuko lake ni hospitali ya misheni nchini Rwanda, miaka zaidi ya ishirini nyuma, katika mwaka wa njaa.

Njaa ya Gahini

Gahini iko mashariki mwa Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi. Katika miaka ya 1920, tawi la shirika la kimisionari la Kianglikana, CMS, lilijenga hospitali hapo, na mwaka 1928 ikapata daktari kijana kutoka Cambridge, Joe Church. Hakupata muda wa kuzoea. Mwaka huo na uliofuata, mashariki mwa Rwanda kulikumbwa na njaa ambayo Wanyarwanda bado wanaikumbuka kwa jina la Rwakayihura. Watu walikufa njiani wakitafuta chakula, wengine wakahamia Uganda, na hospitali ndogo ikageuka kuwa kituo cha wanaokaribia kufa.

Septemba 1929, Church akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala kupumzika. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya ya serikali. Wote wawili walikuwa na kiu ileile: imani waliyofundishwa ilikuwa sahihi kwenye karatasi lakini haikuwabadilisha. Wakafungua Biblia pamoja, wakafuatilia mistari inayomhusu Roho Mtakatifu, wakaomba. Katika koloni la miaka ile, daktari Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, kila mmoja akimweleza mwenzake upungufu wake, halikuwa jambo la kawaida. Nsibambi baadaye aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Mwanawe, Apolo Nsibambi, alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011.

Church aliporudi Gahini, mambo hayakulipuka mara moja. Kulikuwa na ugomvi kati ya wafanyakazi wa hospitali na wale wa shule. Mganga msaidizi mkuu, Yosiya Kinuka, alikwenda Kampala kumwona Nsibambi akiwa na malalamiko mengi juu ya hospitali. Alirudi akiwa mtu mwingine, akaanza kukiri makosa yake mwenyewe badala ya yale ya wenzake. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu hapo hapo Gahini. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi wa kipindi cha Krismasi, mtu mmoja alisimama akaungama dhambi zake mbele ya wote. Akafuata wa pili, kisha wa tatu, na ikaendelea hivyo kwa saa kadhaa.

Kigozi hakuishi kuona matunda. Aliugua homa ya papasi akafa Januari 1936, akiwa bado kijana, muda mfupi kabla ya kuwasilisha mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda hoja zake juu ya uzembe wa kiroho wa kanisa. Ujumbe wake ulibaki katika neno moja la Kiganda, Zukuka, Amka. Mwaka huo wa 1936 Gahini ikawaka, na wahubiri wakaanza kutoka huko kwa vikundi: Waganda, Wahutu, Watutsi, Wakiga na Waingereza wachache.

Kujiumbua kwa hiari

Siri ya harakati hii, iliyokuja kuitwa Ushirika wa Uamsho, ilikuwa zaidi katika kikao kidogo kuliko katika mikutano mikubwa iliyovuta macho ya watu. Ndugu, kama walivyojiita, walikutana mara moja au mbili kwa wiki, katika nyumba ya mtu, chini ya mti au kwenye chumba cha kanisa. Hapakuwa na kadi ya uanachama, makao makuu wala kiongozi wa mshahara. Walisoma sehemu ya Biblia, wakaimba, kisha kila aliyetaka alisimama na "kutembea nuruni", yaani kusema wazi yaliyokuwa yamemshinda tangu kikao kilichopita. Wimbo wao mkuu, Tukutendereza Yesu wa Kiganda, uliimbwa kila mtu alipomaliza kushuhudia, na ukavuka mipaka ya lugha hadi ukawa kitambulisho chao kutoka Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, hadi Kiambu na Dodoma.

Yaliyosemwa yalikuwa mambo ya kawaida na ya aibu. Huyu ameiba blanketi la hospitali, yule amepunguza pesa ya sadaka. Mwalimu ana hirizi chini ya kitanda ingawa anafundisha katekisimu. Mwingine anamchukia mkwewe, au anawachukia Wazungu. Baada ya kusema, ilibidi kutengeneza: blanketi lirudishwe, deni lilipwe, msamaha uombwe uso kwa uso. Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi aliyeokoka mwaka 1941, alipanda baiskeli takriban kilomita 80 kwenda kumwomba radhi Mwingereza aliyekuwa akimchukia. Mwingereza huyo hakuwahi kujua kwamba anachukiwa.

Woga wa kwanza walioushinda, basi, ulikuwa woga wa kuumbuka. Katika jamii ambamo heshima ya mtu ni mali yake, mzee kusimama mbele ya vijana na kusema "niliiba" kulihitaji moyo mkubwa kuliko inavyoonekana kutoka mbali. Walioshinda hapo walijikuta na uhuru usiotarajiwa, kwa sababu mtu aliyekwisha kujiumbua mwenyewe hana siri ambayo jirani, chifu au polisi anaweza kumtishia nayo. Na walipokuwa wakiungama hofu zao, waligundua kwamba wenzao wana hofu zilezile.

Kutoka hapo wakaendelea na hofu nyingine. Hirizi zilichomwa moto. Wanawake wa Buganda na Kigezi, waliokatazwa na mila kula kuku na mayai, walikula mezani pamoja na waume zao, tendo ambalo wazee walilitazama kwa hofu wakisubiri msiba. Wanawake walisimama kuhubiri mbele ya wanaume. Wazazi waliookoka nchini Kenya walianza kuoza mabinti bila kudai mahari, wakavumilia dharau za ukoo. Uamuzi wa namna hiyo mtu hakuuchukua peke yake: alikuwa na watu ishirini au thelathini nyuma yake ambao juma lililofuata wangemuuliza imekuwaje.

Kanisa lenyewe halikuwapenda siku zote. Oktoba 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa katika Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, baada ya kukaidi amri ya kuacha maombi yao ya alfajiri na mahubiri yao dhidi ya wizi na mafundisho waliyoyaona kuwa legelege. Kati yao alikuwa William Nagenda, mmoja wa wahubiri hodari wa harakati. Wakosoaji walikuwa na hoja: waliookoka waliweza kuwa wakali, wenye kuhukumu, wenye kuwataja watu dhambi zao hadharani bila kuombwa. Hata hivyo, tofauti na mavuguvugu mengine mengi ya Afrika, hawakuunda kanisa lao. Walibaki ndani ya kanisa lililowafukuza.

Katoke, Bukoba, Kabete

Mwaka 1937 timu ya ndugu kutoka Rwanda na Uganda ilifika Kabete, karibu na Nairobi. Mwaka 1939 moto wa Uamsho ukashika chuo cha ualimu cha Katoke, magharibi mwa Ziwa Viktoria, na kutoka hapo ukaingia kwa Waanglikana na Walutheri wa Buhaya. Mmoja wa vijana wa Bukoba walioguswa alikuwa Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wa Kilutheri na, kuanzia 1977 hadi 1984, rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Kivengere naye alihamia Dodoma mwaka 1946 kufundisha, na Kiswahili kikawa lugha ya mahubiri yake. Watanzania wakachukua neno la Kiganda, balokole, yaani waliookoka, wakasema walokole.

Nchini Kenya, mmoja wa watu wa kwanza kuingia katika Ushirika alikuwa Obadiah Kariuki, mchungaji wa Kianglikana aliyemwoa binti wa Chifu Koinange wa Kiambu. Binti mwingine wa Koinange aliolewa na Jomo Kenyatta. Kwa hiyo wakati wa hali ya hatari, mtu aliyetuhumiwa kuongoza Mau Mau na mtu aliyekuwa nguzo ya waliokataa kiapo cha Mau Mau walikuwa wameoa mabinti wa mzee mmoja, na watoto wao walikuwa wajukuu wa babu mmoja.

Damu mbili

Hoja ya waliokataa kiapo haikuwa ya kisiasa, angalau si kwanza. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu katika Meza ya Bwana, na hawawezi kuchanganya damu mbili. Kwa masikio ya leo inaweza kusikika kama fumbo. Kwa Mgikuyu wa 1952 ilikuwa kauli iliyonyooka, kwa sababu pande zote mbili ziliamini jambo moja: kiapo cha damu kinamfunga mtu na kina nguvu ya kumwangamiza anayekivunja. Mkristo wa kawaida aliyekula kiapo kwa shinikizo aliweza kujiambia kwamba ni maneno tu. Ndugu wa Ushirika hawakuweza, kwa kuwa walikuwa wamezoea kila wiki kusema hadharani walichokifanya gizani. Kiapo kilichotegemea siri kilikutana na watu waliokuwa wamejifunza kutokuwa na siri.

Ndiyo maana viongozi wa kiapo waliwaogopa kwa namna ya pekee. Mtu aliyekula kiapo usiku wa Jumatatu akaungama kikaoni Alhamisi alikuwa hatari kuliko askari. Wapo walioshikwa, wakalazimishwa, wakala, kisha wakarudi kwa ndugu wakilia na kusema walivyoshindwa. Walipokelewa. Huo nao ni upande wa historia hii ambao husahaulika: Ushirika haukuwa kikosi cha majasiri watupu, na wengi walitetemeka, wakakimbilia kulala katika vituo vya misheni, wakahamia mjini. Kilichowasaidia kurudi ni kwamba woga nao ulikuwa na mahali pa kusemwa.

Kukataa bunduki za serikali kulikuwa kugumu vilevile. Baada ya mauaji ya Lari, shambulio la Mau Mau dhidi ya familia zilizoonekana kuunga mkono serikali, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, serikali ilielekea kuwachukulia Wagikuyu wasiobeba silaha upande wake kama wafuasi wa adui. Ndugu waliokataa walisema hawawezi kumhubiria jirani upendo wa Mungu asubuhi na kumvizia na bunduki usiku.

Ni lazima isemwe pia kile walichokuwa wakikataa. Nyuma ya Mau Mau kulikuwa na ardhi iliyochukuliwa, kodi, kipande na udhalilishaji wa nusu karne. Serikali ya kikoloni iliwanyonga watu 1,090 kwa makosa yaliyohusiana na vita hivyo, ikawatia maelfu kwa maelfu kizuizini na kuwahamisha kwa nguvu zaidi ya Wagikuyu milioni moja kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Kwa wapiganaji, mtu aliyeimba Tukutendereza wakati nchi inaungua alikuwa ametekwa akili na mkoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o aliibeba hukumu hiyo katika riwaya yake A Grain of Wheat ya 1967, ambamo mchungaji wa Uamsho, Jackson Kigondu, anauawa na wapiganaji wa msituni. Mjadala huo bado haujafungwa Murang'a wala Nyeri, na familia nyingi zina ndugu wa tumbo moja waliokuwa pande zote mbili.

Mwaka 1969 ulileta mtihani ambao haukutarajiwa. Baada ya Tom Mboya kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai, viapo vilirudi, safari hii si msituni bali kwa malori na mabasi yaliyopeleka Wagikuyu Gatundu, nyumbani kwa Rais Kenyatta, waapishwe kwamba utawala hautatoka mikononi mwao. Mkoloni alikuwa ameondoka. Ndugu wakakataa tena, na tena wakapigwa. Kanisa la Presbiteri, PCEA, ambalo katibu mkuu wake John Gatu alikuwa mtu wa Ushirika, lilipinga waziwazi, na magazeti ya makanisa, Target na mwenzake wa Kiswahili Lengo, yakaandika kilichokuwa kikinong'onwa tu. Obadiah Kariuki, wakati huo askofu, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kanisa waliopinga viapo vilivyokuwa vikiendeshwa nyumbani kwa shemeji yake. Kabla mwaka haujaisha, viapo vilisimama. Waliosema kwamba ahonoki walikataa kiapo cha kwanza kwa ajili ya kumpendeza Mzungu walipata shida kueleza kwa nini walikikataa na cha pili.

Askofu wa Mucwini

Mnamo Januari 1948, katika kijiji cha Mucwini, kaskazini mwa Uganda, mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 25 aliokoka kupitia mahubiri ya wanandoa wa Kiacholi, Yusto na Josephine Otunnu. Jina lake Janani Luwum. Aliungama hadharani, akaacha pombe, akaanza kuhubiri kwa ukali uliowaudhi wakubwa. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa jimbo la Kianglikana lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, wakati Idi Amin akiwa madarakani mwaka wa nne na watu wakipotea kila wiki.

Luwum hakuwa mpinzani wa hadhara mwanzoni. Alikwenda ofisi za usalama kuulizia waliokamatwa, alizungumza na Amin ana kwa ana, alilaumiwa na baadhi ya watu kwamba yuko karibu mno na serikali. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa 1977. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari, askari walivamia nyumba yake wakidai kutafuta silaha. Maaskofu wakakutana na kuandika barua kwa Amin wakilalamikia uvamizi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini, wakaweka saini. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala mbele ya umati wa wanajeshi na rundo la silaha zilizodaiwa kuwa zimekamatwa. Wengine waliachiwa waondoke; Luwum akabakizwa. Siku iliyofuata ilitangazwa kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Walioona miili walizungumzia matundu ya risasi.

Serikali ilizuia maiti isizikwe Kampala, ikapelekwa Mucwini. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa Namirembe, jirani na lile la James Hannington, askofu aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Jumapili tarehe 20 Februari, ingawa ibada ya maziko ilikuwa imepigwa marufuku, maelfu walipanda kilima hicho. Erica Sabiti, mzaliwa wa Uganda wa kwanza kuwa askofu mkuu na mtu wa Ushirika tangu ujana wake, alisimama kando ya shimo tupu akawakumbusha walichoambiwa wanawake na malaika kaburini asubuhi ya Pasaka. Watu wakaimba. Kilima cha Namirembe kilijaa majasusi, na bado waliimba.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi tangu 1972, alikuwa ametia saini barua ileile. Yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu alichokiita I Love Idi Amin, jina lililowakasirisha wakimbizi wengi wa Uganda. Alieleza kwamba uchungu wake dhidi ya Amin ulikuwa umeanza kumla mwenyewe, na kwamba alilazimika kuutubia kama alivyotubia chuki yake kwa yule Mwingereza wa 1941. Hakuacha kueleza duniani kote mauaji yaliyokuwa yakifanywa.

Nyamata

Yote haya yangeweza kusimuliwa kama hadithi ya ushindi, kama isingekuwa Rwanda.

Uamsho ulizaliwa huko, na katika miaka yake ya mwanzo Wahutu na Watutsi waliungamiana chuki zao hadharani. Mtu mmoja alithibitisha kwamba haikuwa maneno tu. Yona Kanamuzeyi alikuwa mchungaji wa Kianglikana Nyamata, eneo la Bugesera ambako Watutsi waliofukuzwa makwao baada ya machafuko ya 1959 walitupwa waishi kati ya mbung'o na vichaka. Wapiganaji wa Kitutsi waliposhambulia kutoka Burundi mwishoni mwa 1963, serikali ililipiza kisasi kwa raia. Tarehe 23 Januari 1964 askari walimchukua Yona pamoja na mwenzake. Aliandika mistari michache katika shajara yake na kukabidhi pesa zilizokuwa mikononi mwake zimfikie mkewe. Akapigwa risasi, mwili ukatupwa mtoni. Mwenzake aliachiwa, ndiye aliyesimulia kwamba Yona alitembea kuelekea kifo chake akiimba.

Miaka 30 baadaye, Aprili 1994, Nyamata hiyo hiyo ikawa miongoni mwa machinjio ya mauaji ya kimbari. Maelfu waliokimbilia kanisa Katoliki la mji huo wakidhani ni salama waliuawa ndani yake. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 800,000 katika takriban siku 100, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Samuel Musabyimana, askofu wa Kianglikana wa Shyogwe, alishtakiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha. Alifariki mwaka 2003 kabla kesi yake haijasikilizwa. Kwa upande mwingine, Israel Havugimana, aliyeongoza nchini Rwanda shirika la uinjilisti la African Enterprise na kufanya kazi ya kupatanisha Wahutu na Watutsi, aliuawa mwanzoni kabisa mwa mauaji hayo.

Wanahistoria na ndugu wenyewe wametoa maelezo mbalimbali. Moja ni kwamba kuanzia miaka ya 1960, ndugu wengi wa Rwanda walijifunza kuungama dhambi za binafsi tu, wizi, ulevi, uzinzi, huku suala la ukabila likiachwa nje ya mlango kwa jina la kutojihusisha na siasa. Jingine ni kwamba maaskofu walisogea karibu mno na chama tawala. Maelezo yote mawili yanarudi kwenye kikao kile kidogo: nguvu ya Gahini mwaka 1933 ilikuwa katika kutaja jambo lenyewe lililoogopwa. Rwanda ya kabla ya 1994 iliogopa ukabila kuliko kitu kingine chochote, na hilo ndilo lililokoma kutajwa.

Kenya na Uganda nazo zilikuwa na mgawanyiko wao. Katika miaka ya 1970 kundi la Uganda lililojiita Abazukufu, walioamka upya, liliwashutumu ndugu wengine kwa kuchukua mikopo na kufuata anasa, nao Wakenya wakawa na mvutano wao juu ya mafundisho ya namna hiyo, yaliyoitwa Kufufuka. Vijana wengi tangu miaka ya 1980 walivutwa na makanisa ya Kipentekoste ya mjini, yenye vipaza sauti na ahadi za mafanikio, mbali na benchi ambapo mzee anasimama kusema amemdanganya mkewe.

Tangu 2016, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda, na mahujaji huenda Mucwini kwa mabasi. Sanamu ya Luwum imesimama tangu 1998 juu ya mlango wa Westminster Abbey jijini London, miongoni mwa wafia dini kumi wa karne ya 20. Karatasi za Joe Church zimehifadhiwa Cambridge, kisanduku baada ya kisanduku, na watafiti huzisoma. Wanawake wa Murang'a na Kiambu waliokataa kiapo mwaka 1952 na tena 1969 hawakuacha makaratasi. Wachache walirekodiwa na wamisionari. Wengi walisimulia vikaoni tu, kwa Kigikuyu, mbele ya watu waliokuwa wakizijua habari hizo tayari. Aliyekuwa msichana wa miaka 20 hali ya hatari ilipotangazwa sasa yuko katika miaka ya tisini, na vyuo vikuu vya Kenya na makanisa yenyewe vina muda mfupi tu wa kwenda kumsikiliza.